Tundu la Ukutani

Mpiga pasi alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne huku nyayo zikiwaka moto. Tangu alfajiri alikuwa amesimama katika chumba cha kufulia cha hospitali, akinyoosha mashuka yasiyokwisha, na sasa alikuwa hoi bin taabani. Alitamani kulala tu. Hata hivyo, nyuma ya mlango wake kulikuwa na kazi nyingine, nayo ilikuwa imemtoa jasho kwa siku tisa mfululizo.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wenye plasta ameunyoosha juu ya kigoda. Mzee huyo, dereva mstaafu wa treni, alivunjika mguu wiki moja kabla ya kuhamia nyumba hii ya kupanga, kwa hiyo wapagazi walimpandisha ngazi zile wakimbeba kama kabati. Mbele yake palikuwa na televisheni. Katika kioo chake cheusi yaliandikwa maneno mawili tu: Hakuna mawimbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Kaka yako amesemaje leo?"

"Amesema tubadilishe waya."

"Si tuliubadilisha juzi?"

"Huohuo, baba."

Mwenye nyumba alikuwa amepiga marufuku kutundika antena dirishani. "Hapa unachomeka waya ukutani, basi," alisema siku aliyowakabidhi ufunguo, na tangu hapo simu yake haikupokewa. Kweli, nyuma ya kochi palikuwa na kitundu cha duara. Mpiga pasi alichomeka waya, akabonyeza rimoti, televisheni ikatafuta stesheni kutoka mwanzo hadi mwisho na kuambulia patupu.

Lau ingekuwa televisheni ya kupoteza muda, wangeiacha. Lakini Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, fainali ya wasichana ingeonyeshwa, na binti wa mpiga pasi alikuwa miongoni mwa wachezaji wa akiba. Babu yake ndiye aliyemfundisha kupiga mpira. Hakuwahi kukosa mechi ya mjukuu wake hata moja, mpaka mguu ulipomfunga ndani.

Kaka yake mpiga pasi alikuwa fundi wa televisheni, tena fundi hasa, ila aliishi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. "Usimwite mtu akakuharibia," alimwonya. "Mimi nipo. Nitakuelekeza kwa simu, na Ijumaa nitakuja mwenyewe." Basi kila jioni mpiga pasi alipiga magoti nyuma ya kochi, simu sikioni, akichomoa na kuchomeka. Ijumaa ilipofika, kaka hakufika. Alituma ujumbe kwamba amebanwa na kazi.

Mlango wa pili aliishi mshonaji mmoja ambaye cherehani yake ilinguruma kutwa. Kwa majuma mawili walikuwa wamesalimiana kwa kuitikia kichwa tu. Mpiga pasi hakupenda kugonga milango ya watu. Aliona haya mgeni kujitambulisha kwa shida.

Jumamosi, saa kumi na robo, kaka alipiga simu.

"Bonyeza menyu. Unaona nini?"

"Maneno yaleyale."

"Haiwezekani!"

"Kaka, mimi ndiye ninayeitazama."

Simu ikakatika. Mzee alijikongoja hadi akasimama, akayaweka magongo kwapani, akaelekea mlangoni.

"Nateremka. Mgahawa wa chini una televisheni."

"Baba, ghorofa nne!"

"Niache."

Alipofika kidato cha sita cha ngazi, gongo liliteleza. Mzee aliketi chini kwa kishindo. Hakuumia, lakini hakuweza kupanda wala kushuka.

"Nimekuwa mzigo, mwanangu."

Mpiga pasi alikaa kando yake akalia. Hakulia kwa ajili ya televisheni peke yake. Uchovu wa miezi ulikuwa umepata mlango.

Cherehani ikanyamaza. Mshonaji alitokeza, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Kuna nini, jirani? Mzee ameumia?"

Wakamweleza. Alishika kiuno.

"Televisheni? Siku zote hizi? Mbona hamkunigongea?"

"Nilidhani utatuona wasumbufu."

"Wasumbufu! Na mimi ninayewapigia kelele kutwa nzima, niitweje? Hebu nipisheni."

Alishuka hadi kwenye kona ya ngazi, akafungua kisanduku cha bati kilichopakwa rangi ileile ya ukuta. "Antena iko juu ya paa, moja kwa jengo zima, na inagawiwa hapa. Mpangaji akihama, waya wake huchomolewa. Hata mimi nilihangaika wiki nzima nilipohamia." Kati ya nyaya zilizopangwa, mmoja ulining'inia kama mkia wa mjusi. Aliukaza mahali pake kwa vidole viwili.

"Hivyo tu?" aliuliza mpiga pasi.

"Hivyo tu."

Mpiga pasi na mshonaji walimwinua mzee, mmoja huku, mmoja huku, wakampandisha kidato kwa kidato. Stesheni zilipojitokeza, kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha na timu yao ilikuwa nyuma kwa mabao mawili. Binti aliingizwa zikiwa zimesalia dakika kumi na moja.

"Kushoto! Tumia kushoto!" mzee alinguruma, mguu wa plasta ukigonga kigoda.

Hakufunga. Walishindwa. Filimbi ya mwisho ilipolia, kamera ilimpitia binti akiwa ameinama, mikono magotini.

"Amechoka," mzee alisema taratibu, akijifuta uso. "Lakini hakuacha kukimbia."

Hapo simu ikalia. "Nimefikiri," kaka alisema. "Chomoa ule waya, uupulize kidogo, kisha…"

"Ahsante, kaka. Imeshapona."

"Nani kaitengeneza?"

Mpiga pasi alimtazama mshonaji, ambaye alikuwa akimsogezea mzee mto nyuma ya mgongo. "Jirani wa mlango wa pili."

Kaka hakukosa ujuzi wala mapenzi. Alichokosa ni mkono wa kufika kwenye kisanduku kile saa ilipohitajika. Kwani hata iwe nene na ngumu kiasi gani, fimbo ya mbali haiui nyoka.