Magari Mia Moja na Kumi na Saba

Paukwa, nyinyi mliokaa mbele.

Pakawa.

Paukwa, na nyinyi wakubwa wa nyuma, mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto tu.

Pakawa.

Sasa tuko pamoja. Zamani, ila si zamani ile ya mbali sana, maana magari yalikuwapo na viwanja vilikuwa vinauzwa, Nungunungu na mkewe Bi Somoe waliosha gari. Ndoo mbili, matambara mawili, sabuni ya kipande. Gari lilikuwa la Nyati. Nungunungu alisugua mlango, Bi Somoe alisugua magurudumu. Bi Somoe akasema, "Rudi nyuma kidogo, mume wangu, miiba yako imekaribia rangi." Nungunungu akarudi nyuma kidogo. Wakamaliza, wakamwaga maji, wakaenda kula.

Hilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida. Jioni Bi Somoe aliugua. Siku ya tatu alizikwa.

Mtaa wao uliitwa Pembezoni. Juzi ulikuwa kichaka. Leo ulikuwa na nyumba sitini, nusu zina paa, nusu bado. Wanyama walihama mjini, wakajenga, wakanunua magari. Duma alinunua. Punda Milia alinunua. Hata Kobe alinunua, akaendelea kuchelewa vilevile. Na magari yote yalikuwa machafu, kwa sababu lami ilikoma mlangoni mwa mtaa. Kutoka hapo ni vumbi, fuu, fuu, fuu, mpaka nyumbani.

Kabla ya msiba, Nungunungu na mkewe walikuwa wameagiza mashine. Si ya kushona, wala si ya kusaga. Mashine ya kuosha magari, inayoosha yenyewe. Gari linaingia huku likiwa chafu. Maji, shwaaa. Brashi, vuru, vuru, vuru. Upepo, puuuu. Gari linatokea kule likiwa safi, na hakuna aliyeshika tambara. Waliuza shamba lao la mihogo ili waipate, kwa sababu nungunungu kuosha gari kwa mkono ni kazi ya hatari. Akigeuka vibaya, kwaruu. Gari la Duma mpaka leo lina mistari, na wageni humwuliza kama alilinunua kwa Punda Milia.

Mashine ilifika wiki tano baada ya maziko. Masanduku manne. Nungunungu alifungua la kwanza, akaona brashi kubwa nyeusi, nywele ngumu zimesimama wima. Akasalimia. Alidhani ni jamaa wa upande wa mama yake.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Mashine ile hufungwa kwenye zege. Ikishafungwa, haing'oki. Ukiifunga mahali ambapo magari hayaji, itakaa hapo ipate kutu, na shamba halipo tena, na Bi Somoe hayupo. Nungunungu alikuwa na nafasi ya kuchagua mara moja tu. Na Nyati, mwenyekiti wa mtaa, alikwisha kutangaza kwamba viwanja vya biashara vingegawiwa kwenye kikao cha Jumapili.

Viwanja vilivyobaki vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa Mwisho wa Lami, pale vumbi linapoanzia. Cha pili kilikuwa kando ya bwawa la Kiboko, maji tele. Cha tatu kilikuwa ndani, uchochoroni, mkabala na nyumba ya Nungunungu mwenyewe. Hicho alikitaja mwisho, na kwa sauti ndogo. Nyumba yake ilikuwa kimya mno. Alitamani akae barazani, aisikie ile shwaaa.

Angekwenda kuvikagua mwenyewe, lakini wiki ile kulikuwa na shughuli nyumbani. Akamwita mtaalamu kutoka mjini. Mtaalamu alikuwa Nguchiro.

Nguchiro alikuja na kofia, daftari, na futi kamba mbili, ya pili ya kuipimia ya kwanza. Walikutana ofisini kwa Nyati, wakaangalia ramani. Nungunungu hakumwambia habari za msiba, hakuwa mwepesi wa kusimulia mambo yake. Nguchiro naye hakuuliza neno. Alieleza kwamba mtaalamu hazungumzi na wenyeji wakati wa kazi, maana wenyeji huchafua takwimu.

Alhamisi akaenda Mwisho wa Lami. Mvua ikanyesha tangu alfajiri, chwa, chwa, chwa. Mwenye gari chafu aliliacha nje liogeshwe na Mungu, naye akalala. Vuu, moja. Nguchiro akangoja. Vuu, mbili. Akangoja sana. Hadi jioni yalipita magari tisa. Akaandika: hapafai.

Ijumaa akaenda bwawani. Vuu, moja. Vuu, mbili. Vuu, tatu. La nne likakwama kwenye matope, Kiboko akalisukuma, likatoka likiwa chafu kuliko lilivyoingia. Akaandika: hapafai.

Jumamosi akaenda uchochoroni. Akakaa juu ya jiwe, mbali kidogo na wenyeji. Vuu, moja. Vuu, mbili. Vuu, vuu, vuu, vuu. Nguchiro akasimama. Vuu, vuu, vuu, kama siafu waliopewa injini. Kufika adhuhuri wino ulikuwa umekwisha. Mama Kanga, jirani wa Nungunungu, alimwona akitikisa kalamu juani, akamhurumia, akampelekea kipande cha mkaa aandikie na sahani ya pilau ale. Nguchiro akala. Akafuta mdomo. Akaandika: panafaa, panafaa, panafaa.

Jumapili kikao kikajaa. Nyati akafungua, akampa mtaalamu nafasi. Nguchiro akakohoa, akafungua daftari, akasema kwa sauti ya mjini, "Uchochoroni yameingia magari mia moja na kumi na saba. Kwa siku moja."

Uchochoro ule watoto wa Nguruwe hulala katikati ya njia mchana kutwa. Siku zote hupita gari la maziwa na gari la Kobe. Na gari la Kobe ukiliona asubuhi na ukaliona tena jioni, usilihesabu mara mbili. Ni safari ileile.

Lakini Nungunungu alisimamisha masikio. Furaha ilimfikia kabla ya akili.

Nguchiro akaendelea. Akasema madereva wa uchochoroni wana nafasi, si wenye haraka kama wa mjini. Wameegesha saa tatu nzima na hakuna aliyepiga honi. Akasema wengine wanapapenda mahali pale hata wanarudi, kwa mfano gari la bluu lenye taa moja, ambalo limepita mara mbili.

"Hilo langu," akasema Nyati. "Mara ya pili nilikuwa naleta viti."

Nguchiro akamshukuru kwa kuthibitisha. Akasoma habari za lori lililobeba masufuria kumi na mawili. Punda Milia akanong'ona kwamba lori lile ni la shemeji yake. Akasoma habari za turubai kubwa lililofungwa katikati ya njia, dalili kwamba wafanyabiashara wengine wamekwisha kunusa fursa, kwa hiyo Bwana Nungunungu asichelewe.

Wanyama wakaanza kutazamana. Kila gari lililosomwa lilikuwa na mwenyewe mle ndani.

"Mwisho kabisa ni vumbi," akasema Nguchiro. "Wateja wengi walitoka kule wakijifuta macho. Nimeandika hapa: vumbi ni kali, mahitaji ya maji ni makubwa."

Mama Kanga hakuweza kuvumilia tena. "Wewe bwana," akasema, "ile pilau niliyokupa, ulidhani ni ya nini?"

"Nilidhani mnafungua mgahawa."

"Ilikuwa arobaini ya Bi Somoe. Mke wa huyu."

Nguchiro akalitazama daftari. Akamtazama Nungunungu. Akavua kofia, na bila kofia alikuwa mdogo sana. Akasema pole kwa sauti isiyokuwa ya mjini. Akasema angejua, angeingia na yeye akatoa pole yake kama wengine.

"Pilau umekula," akasema Nungunungu. "Umekwisha kuingia."

Aliyeanza kucheka ni Kiboko, na Kiboko akianza, benchi zima linatikisika. Akacheka Duma. Akacheka Mama Kanga mpaka akakaa chini. Kisha Nungunungu mwenyewe akacheka, na miiba yake ikalia, cha-cha-cha, cha-cha-cha. Tangu maziko hakuna aliyeisikia ikilia hivyo. Wa benchi la nyuma yake walihama.

Kicheko kilipokwisha, Nyati akasema hakuna haja ya mahesabu tena. Kama mwenzetu anapataka nyumbani kwake, apewe. Sisi wote tutampelekea magari yetu kila Jumamosi. Duma akaapa. Punda Milia akaapa. Mama Kanga, ambaye hana gari, akaapa kwamba ataazima.

Na Nungunungu alikitaka kiwanja kile. Alikitaka kuliko alivyoweza kusema. Ilikuwa ni kuitikia tu, kesho zege limwagwe. Lakini akatikisa kichwa.

"Jumamosi ya kwanza mtakuja wote," akasema. "Najua. Jumamosi ya pili mtakuja nusu, kwa sababu mtakuwa na kazi zenu. Jumamosi ya tatu atakuja Kobe peke yake, naye atakuwa bado yuko njiani kwa ajili ya ile ya kwanza."

Kobe akakubali kwa kichwa.

Nungunungu akamwomba mwenyekiti wiki moja, ili akahesabu mwenyewe. Nyati akampa wiki, akaandika kwenye kitabu cha mtaa kwamba viwanja vyote vitatu visiguswe. Nguchiro akaanza kuchana ukurasa wa uchochoroni, ili autupe.

"Huo niachie," akasema Nungunungu.

Nguchiro akamweleza kwamba ukurasa ule haufai kitu kwa biashara. Takwimu zake zote zimeharibika.

"Najua. Niachie."

Akapewa. Jioni akakaa barazani akausoma, gari kwa gari. La bluu, taa moja, limepita mara mbili. Jekundu, la mistari, limebeba bibi wawili na mtungi. Jeupe, limesukumwa kutoka kona ya pili kwa sababu injini imezima. Siku ile ya arobaini alikuwa ndani, ameinamisha kichwa, anashikwa mikono, hakujua nani amekuja na nani hakuja. Mtaa mzima ulikuwa umekuja, na aliyeyaandika yote hayo alikuwa mgeni aliyedhani ni biashara. Akaukunja ukurasa mara mbili, akauweka ndani ya sanduku la nguo za Bi Somoe.

Asubuhi yake Nungunungu aliamka, akanywa uji, akachukua kigoda na karatasi mpya, akatembea mpaka Mwisho wa Lami. Akakaa kando ya njia, uso barabarani. Juu ya karatasi akaandika: Jumatatu. Hakuna mvua. Hakuna harusi. Hakuna msiba. Akapita mwuza maziwa, akamsalimia, akamwuliza saa ngapi magari huanza kutoka. Mwuza maziwa akamwambia ni sasa hivi, na kila mmoja hapa husimama kidogo apanguse kioo, maana anaona haya kuingia mjini na vumbi la Pembezoni.

Vuu.

Nungunungu akaandika moja.

Basi, nyinyi wa mbele na nyinyi wa nyuma, funzo lenu ni hili. Ukitaka kujua kama mahali panafaa, nenda ukapatazame siku isiyokuwa na jambo, na uwaulize wanaokaa hapo. Siku yenye jambo itakuonyesha jinsi watu wanavyopendana. Haitakuonyesha watapita wapi kesho.

Hadithi yangu nimeiegesha hapo, na breki ya mkono nimevuta.