Mbega na Wageni Wasioshika Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia! Aliyekula akashiba na aitike kama aliyeshiba. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, milima ya Usambara ilipokuwa ikilala na kuamka ndani ya ukungu, palikuwa na mti. Mti! Si huo wenu wa kuanikia nguo. Jina lake Mtambara. Ukimtazama kileleni, kofia inaanguka.

Na matawini mwake, wageni, mimea iotayo juu ya mti! Kangaga wamekaa kama vikapu. Okidi wananing'inia kama hereni. Vijani vidogo vidogo, laini kama manyoya ya kifaranga, vimelivika kila tawi. Hakuna aliyegusa ardhi. Wamezaliwa juu, wanazeekea juu.

Juu huko aliishi Mbega na mtoto wake mchanga, mweupe pee.

Kiangazi kikaingia. Kijito kikakauka. Mtoto akalia, "Baba, maji! Baba, maji!"

Mbega akapandwa na hasira. "Mzee Mtambara! Mwanangu anakufa kiu, na wewe umejaza wageni! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa, nani amewaona na jembe?"

"Hawanili, mwanangu. Wamenikalia tu."

"Anayekukalia anakula!"

Akang'oa. Prrr! Chini, pwaa! Tawi hili, prrr! Tawi lile, pwaa! Mtoto analia, baba anang'oa. Mtoto analia, baba anang'oa.

Kikabaki kikapu kimoja cha kangaga. Mle ndani Mama Chura akapiga ukelele.

"We Mbega! Wanangu wa tawi la chini umewamwaga. Na hawa nao?"

"Wanao? Juu ya mti? Acha uongo, mama."

"Njoo utazame basi. Macho si unayo?"

Mbega akainama. Ukungu ukapita, ukagusa majani. To! To! To! Maji yakadondokea ndani.

Loo! Bwawa! Bwawa angani! Viluwiluwi wanaogelea. Konokono kama punje ya mtama anatembea. Chini ya maji, udongo mweusi, na nyungunyungu ndani yake asiyeijua ardhi ya chini. Mizizi myembamba kama nywele imekumbatia majani makavu, imeyageuza shamba. Mbega akaona mzizi mmoja mnene umeingia humo.

"Na ule mzizi mnene?" akanong'ona.

"Wangu," akasema Mtambara. "Nimeuchomoza tawini, ninywe shambani kwao."

"Kumbe jembe wanalo!"

"Tangu siku ya kwanza."

Mtoto mweupe akanywa. Akanyamaza.

Mama Chura ndiye hakunyamaza. "Na wanangu wa tawi la chini?"

Mbega akayatazama madole gumba yake, ndiyo yaliyong'oa. Akayang'ata yakakatika, paki! paki! Akayazika ndani ya kikapu kile.

Tangu hapo mbega hana dole gumba. Unabisha? Nenda kamtazame! Huchuma jani, hang'oi mzizi.

Basi nasema wazi, sizungushi maneno: si kila anayekukalia anakula. Kabla hujamfukuza mgeni, mtazame mikono.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu tawini. Mwenye kiu akanywe, ila asimwage.