Cherehani ya Zawena

Kodi ya mapato ya fundi Zawena ilikuwa imechelewa, basi Bwana Kihampa wa kodi, ambaye hajawahi kushona hata kifungo, akaja mwenyewe kukamata cherehani.

"Bosi wangu, niruhusu nilipe kwa awamu."

"Awamu za nini? Lete mashine!"

"Haya, nikushikie upande huu. Angalia mgongo, bosi."

Walipofika mlangoni, Zawena akamtwika na furushi begani.

"Na hili?"

"Sare za harusi ya binti yako kesho. Mama watoto wako ndiye aliyeleta vitambaa. Nimeshakata zote, ila kushona nilikuwa nakusubiri wewe kwanza, nijue kama mashine itabaki. Mpelekee, atafute fundi wa kumalizia alichokata mwenzake."

Kihampa aliirudisha cherehani mezani, taratibu.

"Dada Zawena, awamu ngapi zitakutosha?"