Mafundo Matatu ya Semkiwa

Kulikuwa!

Semeni basi, "Na kulikuwako!" Mbona mnaitikia kama watu walionyimwa ugali? Kulikuwa!

Haya, hivyo ndivyo. Kulikuwa na kale, na hiyo kale ilikuwa na kale yake, wakati njia zote zilikuwa nyembamba na mwezi ulikuwa karibu hata watu wakiupigia hodi. Wewe Hoza, acha kutafuna hayo mahindi, tunayapukuchua ya kusaga. Mvua hii haikatiki leo, kwa hiyo kaeni mtulie, nyosheni miguu, msikilize.

Basi katika kale hiyo watu wa kijiji cha Kwamsala walikuwa na ziara yao. Kila baada ya mavuno walikwenda kwa miguu hadi chemchemi ya Lukindo, chini ya mlima, kupeleka nadhiri zao. Mwezi ukiandama, wanatoka. Mwezi ukijaa, lazima wawe wamefika, maana asubuhi ya pili mlinzi wa chemchemi anafunga mlango wa miti mpaka mwaka mwingine. Mwendo wenyewe ulikuwa siku kumi na moja. Zinazobaki ngapi? Tatu. Mashavu amesema tatu. Mnamsikia mwenzenu? Anahesabu, nyinyi mnatafuna.

Siku tatu hizo ndizo za kupumzika. Kiongozi alivaa kiunoni kamba ya ukindu yenye mafundo matatu, na kila wakipumzika siku moja anafungua fundo moja. Wapi pa kulifungua? Hapo ndipo penye kazi, wajukuu zangu. Wazee wa kale waliweka desturi: kiongozi hafungui fundo kwa kupenda kwake. Kila jioni anamwendea yule aliyefika wa mwisho, anamuuliza mbele ya watu wote, "Wa mwisho, miguu inasemaje?" Wa mwisho akijibu, "Inakwenda," kesho wanakwenda. Akijibu, "Inaomba," fundo linafunguliwa, wote wanapumzika. Desturi nzuri, sivyo? Nzuri sana. Ila binadamu akishika kitu kizuri hachelewi kukiharibu.

Maana njiani, siku ya sita, palikuwa na mji unaitwa Mbwego. Watu wa Mbwego waliwapokea wazuru kwa ngoma na pombe ya miwa. Na kitu cha kwanza walichotazama ni kamba ya kiongozi. Aliyefika na mafundo yote matatu alipigiwa vigelegele, akawekewa kiti, akapewa kidari cha mbuzi. Aliyefika na mawili aliambiwa, "Karibu, pole na safari." Basi, pole tu! Kwa hiyo viongozi wakawa wanayalinda mafundo kuliko watu.

Mwaka huo kiongozi alikuwa Semkiwa, kijana, mara yake ya kwanza. Na wa mwisho alikuwa dada yake, Mwanamvua. Mama yao alikufa Semkiwa akiwa hajaota jino, na Mwanamvua ndiye aliyembeba kwa mbeleko, akamtafunia chakula, akamlea mpaka akamwoza mke. Mke akazaa mtoto, mtoto akashikwa na homa, mwili wote moto, haponi. Mwanamvua akaweka nadhiri: "Huyu mtoto akipona, nitaipeleka kaniki aliyofunikwa hadi Lukindo, kwa miguu yangu mwenyewe." Mtoto akapona. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa njiani, mzee tayari, kaniki kaifunga kifuani, kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake. Hilo mlishike.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Siku ya tatu wakafika mto Kwale. Lo, pale ndipo pa kupumzika! Maji baridi, kivuli, wenyeji wanawaletea maziwa. Mwanamvua akafika jua linazama, anakanyaga kwa ukingo wa nyayo. Malengelenge yalikuwa yameshapasuka. Na Semkiwa aliona. Msiniambie hakuona, aliona!

Akamwendea kando kabla watu hawajakusanyika. "Dada, zimebaki siku tatu tu tufike Mbwego. Unaweza, sivyo? Wewe si wa kushindwa na njia."

Mwanamvua akamtazama. "Unataka nisemeje, mdogo wangu?"

"Sisemi useme nini, Dada. Nasema tu, Mbwego tutapumzika vizuri."

Watu wakakusanyika. Semkiwa akapaza sauti, "Wa mwisho, miguu inasemaje?"

"Inakwenda," akasema Mwanamvua.

Siku ya nne, "Inakwenda." Siku ya tano, "Inakwenda." Na wenzao wakamsifu, "Mama huyu ni chuma!" Chuma gani? Nyama na damu kama wewe na mimi.

Wakafika Mbwego na mafundo matatu. Vigelegele! Kiti! Kidari! Semkiwa akafungua mafundo mawili hapo hapo, siku mbili za ngoma. Mnadhani dada yake alipumzika? Dada wa kiongozi huyo, atapumzika saa ngapi? Akaitwa jikoni akatwange na wenyeji, akaitwa asalimie wakwe wa fulani, akaitwa acheze ngoma ya heshima. Akacheza. Alicheza kwenye miguu ile, watoto wangu, na mdogo wake anapiga makofi. Hapa kila mara nikifika nakasirika. Nipe maji, Hoza.

Baada ya Mbwego ni nyika. Siku nne jua kali, hakuna mto, kila mtu na kibuyu chake. Mwanamvua akaanza kuachwa nyuma, na mguu umevimba hadi gotini. Siku ya tisa ya mwendo mlima wa Lukindo ukaonekana mbele. Ndipo alipoanguka.

Semkiwa akarudi mbio, akalifungua fundo la mwisho bila kumuuliza mtu. "Tunapumzika! Wote kaeni, tunapumzika!" Sasa wanapumzika kwenye nini? Kwenye mchanga? Fundo lilikuwapo, maji hayakuwapo. Vibuyu vilikuwa vya kufikia kisima kinachofuata tu, si vya kukaa siku nzima juani. Kule Kwale, siku moja ingemponya. Hapa siku moja ilikuwa inammaliza.

Akapiga goti. "Panda mgongoni, Dada. Wewe ulinibeba."

Mwanamvua akacheka kidogo. "Nilikubeba ulipokuwa huna miguu. Mimi nimeahidi yangu. Nikibebwa, nadhiri imekufa."

"Kwa nini hukusema umechoka?"

"Nimechoka tangu mto Kwale."

"Dada, si nilikuuliza! Kila jioni nilikuuliza!"

"Uliniuliza," akasema Mwanamvua, "lakini ulikuwa umeshanijibia."

Hakusema tena. Jioni wakamzika palepale, upande unaotazama mlima.

Semkiwa akaichukua ile kaniki, akaifikisha Lukindo siku ya mwezi kujaa, bado mlango uko wazi. Akampa mlinzi wa chemchemi. Mlinzi, mzee wa watu, akaipapasa, akauliza, "Hii ni nadhiri ya miguu ya nani?" Akaambiwa. Akaikunja vizuri, akamrudishia. "Siwezi kuipokea, mwanangu. Mwenye miguu hakufika." Semkiwa akalia mbele ya watu wote, akaomba apokewe hata nusu. Nadhiri haina nusu.

Akarudi nayo nyumbani. Hakuongoza tena ziara. Kila mgeni aliyepita mlangoni kwake alimkalisha, akaleta maji ya uvuguvugu, akamwosha miguu, na hakumuuliza kama amechoka. Alitazama mwenyewe. Nilimwona mimi kwa macho yangu, mzee ameinama juu ya beseni, machozi yanadondoka kwenye maji, nami sijui analia nini. Ndiyo, nilimwona. Yule mtoto wa homa alikuwa baba yangu. Semkiwa ni babu yangu, na kaniki ile iko ndani ya kasha langu hadi leo. Mlango wa Lukindo ulishaota msitu, hakuna wa kumpelekea. Mimi ni mzima, nyinyi ni wazima, na deni la shukrani limelala kwenye kasha.

Basi shikeni hili: ukiwa mbele, geuka utazame miguu ya aliye nyuma kabla hujamuuliza neno. Kwa aibu au kwa mapenzi, atakwambia unachotaka kusikia.

Kisa changu kimefika, kimevua viatu mlangoni. Mkikipenda kikaribisheni, msipokipenda kipeni maji kiende zake.

Haya, mnainuka mnakwenda wapi? Mashavu, baki hapa. Asubuhi niliharakisha kwenda shamba, nikakuuliza njiani kama tutembee tu, ukasema ndiyo, Bibi. Lete huo mguu unaoukalia. Ulete, nimesema.

Ona. Mwiba mzima, tangu asubuhi. Hoza, kaweke maji motoni. Nisamehe, mjukuu wangu. Nami nilikuwa nimeshakujibia.