Wanne Kaburini kwa Kemunto

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kwa maana waliokuwapo bado wanatembea, mvua ilinyesha katika jangwa la kaskazini baada ya ukame wa miaka mitatu. Mchanga ukachipua. Mbigiri, ambazo watu huzijua kwa miba yake, zikatandaza maua ya manjano hadi macho yalipokomea. Maua yale hayadumu. Baada ya siku chache hunyauka, na jangwa hurudi kuwa jangwa.

Mwalimu Tsuma, fundi wa picha, alikuwa ameyasubiri miaka yote hiyo. Akaitisha warsha ya upigaji picha, wakaja wanafunzi watatu: Otuoma, Mumbua na Kemunto. Wa kuwaonyesha njia akawa Elema, mfugaji wa ngamia, Mgabra wa huko huko.

Mumbua na Kemunto walilala hema moja, wakala sahani moja. Kamera ya Mumbua ilikuwa ya marehemu baba yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa Kemunto.

Siku ya nne wakafika kwenye laga, yaani mto mkavu, kingo zake ndefu kuliko mtu. Humo chini maua yalisongamana kuliko kote walikopita. Elema akasimama, akatazama milima ya mbali.

"Mwalimu, wingu limetanda kule. Tusishuke."

"Hapa jua linawaka, Elema."

"Maji ya laga hayatoki hapa. Yanatoka kule."

"Robo saa tu. Kesho kutwa maua haya hayapo."

Elema hakusema mara ya pili. Tsuma akampa Otuoma filimbi, akamwambia abaki ukingoni, akiona maji apulize. Wengine wakashuka, Elema naye akashuka.

Robo saa ikawa nusu saa, na nusu saa ikapita. Ndipo filimbi ikalia.

Wakakimbia. Elema alitangulia kukwea, akamvuta Tsuma, akamvuta Mumbua, akainama akaushika mkono wa Kemunto. Mumbua, akiwa juu tayari, akajipapasa begani.

"Mkoba wangu," akasema. "Kamera ya baba."

Hakumtuma mtu. Lakini Kemunto alisikia. Akageuka, akauona mkoba hatua ishirini nyuma, kati ya maua, akauchomoa mkono wake. Mumbua alimwona akigeuka. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na hakulisema. Macho yake yalikuwa kwenye mkoba.

Maji yalikuja kwa mwendo wa lori, mazito, yamebeba magogo na mizoga ya mbuzi. Kemunto aliuokota mkoba, akaurusha juu kwa nguvu zake zote. Mumbua akaudaka. Alipoinua macho, pale chini palikuwa maji matupu.

Walimpata siku ya pili, mbali sana, amenasa kwenye mizizi, mbigiri zimemganda nguoni. Elema ndiye aliyezitoa, moja moja, kabla ya kumfunika.

Wakamsindikiza hadi kwao Kisii, wote wanne. Mama yake, Bosibori, hakulia mbele yao. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, aliwaita kando ya kaburi, akasema, "Nielezeni. Mmoja mmoja."

"Ni mimi, mama," akasema Tsuma. "Nilionywa nikapuuza. Wao walinifuata kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Nisingeshuka, hakuna ambaye angeshuka."

Elema akasema, "Mimi niliyajua maji yale tangu utotoni. Kwetu mtoto akikaribia laga hatumwambii, tunamshika. Mimi nilisema mara moja, nikaona nimefukuza lawama. Na mkono wake nilikuwa nao, mama. Ningeubana zaidi."

Otuoma akafuata. Hata wenzake hawakuwa wamelisikia neno lake kabla ya hapo.

"Niliyaona maji kabla sijapuliza. Yalikuwa yanakata maua yale kama kisu, sijawahi kuona kitu kama hicho. Nikapiga picha tatu. Nilidhani bado yako mbali. Ndipo nikapuliza."

Tsuma akaketi chini, pale pale kwenye udongo.

Ikabaki zamu ya Mumbua. "Alirudi kwa ajili ya kitu changu," akasema. "Nilimwona akirudi. Nilitaka akilete, mama. Kwa muda ule mfupi, nilitaka akilete."

Bosibori aliwatazama kwa zamu. Halafu akasema, "Kuwachukia watu wanne siwezi, nguvu hizo sina. Watatu wenu tieni udongo juu ya mwanangu, mwende na amani, na mlango wangu uko wazi kwenu. Mmoja hatautia, wala hatakanyaga hapa tena, na mimi nitamchukia hadi nife. Amueni wenyewe ni nani."

Watu wa ukoo wakarudi nyuma, wakawapisha. Mumbua alitamani jina lake litajwe, na papo hapo aliogopa lisije likatajwa. Hakuna aliyeinama kuchota udongo. Mvua ya Kisii ikaanza kudondoka juu ya jeneza, na mama akawa anangoja.

Nanyi mmesikia yote waliyoyasema, hakuna nililowaficha. Mwalimu aliyewashusha, kiongozi aliyeonya mara moja, mlinzi wa filimbi, na rafiki aliyenyamaza. Je, ni yupi kati yao ambaye hakustahili kumzika Kemunto?