Mkoba Wenye Nafasi

Mkoba wenye nafasi haukosi mlango.

Neno hilo mmelisikia asubuhi hii, mjomba wenu alipomkuta Namsifu amelikalia begi lake la tatu ili zipu ifunge. Mmecheka, kisha mmeniuliza limetoka wapi. Limetoka huku huku milimani, na lilipoanza halikuwa methali. Lilikuwa jibu ambalo mama mmoja aliwapa majirani zake. Nitawaeleza lilivyotokea. Namsifu, wewe endelea kufunga mizigo. Masikio hayahitaji mikono.

Ijumaa moja ya masika, mwanamume asiyejulikana alitokea katika kijiji cha Kwembago. Hakuna aliyemtazamia. Njia ilikuwa tope tupu, na watu wenye akili zao walikuwa wamekaa karibu na meko. Yeye alipanda taratibu, suruali ameikunja magotini, na begani ana mkoba mmoja wa turubai.

Watu wa Kwembago walikuwa na desturi yao ya kupokea wageni. Mgeni aliutua mzigo wake kizingitini kabla ya kusalimia, na mwenyeji aliutazama mzigo kabla ya kumtazama mwenye mzigo. Walisema mtu mwenye mzigo mkubwa ana kwao, na ana watu wanaomngoja aendako. Huyo aliletewa kigoda na bakuli la makande. Mwenye mzigo mdogo aliulizwa maswali.

Mgeni alipiga hodi kwa Mzee Semboja. Mzee akautazama mkoba, akachungulia nyuma ya mgeni, kama vile punda angetokea.

"Mizigo mingine umeiacha wapi?"

"Ni huu tu, mzee wangu."

"Umekimbia mke au umekimbia jembe?"

"Mke bado sijapata, na jembe si kazi yangu. Mimi ni mwashi. Naitwa Mbonea. Naomba pa kulala tu, kesho niendelee."

"Mwashi asiye na vitu ni kama jogoo asiye na kuku," alisema Mzee Semboja, akarudi ndani. Mlango ukafungwa bila kelele, maana watu wa Kwembago hawakuwa wakali. Walikuwa waangalifu tu. Nyumba ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na watoto wa hapo wakamfuata nyuma wakiimba, "Mgeni wa mfuko mmoja, mgeni wa mfuko mmoja."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Nakiete. Alikuwa ameketi mlangoni, mguu wake umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa, umefungwa vipande vya mwanzi. Alikuwa ameteleza kwenye shamba lake la tangawizi, na mfupa ulikuwa haujaunga. Naye aliutazama mkoba, tena kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mwanangu, humo mna nini?"

"Mwiko, timazi, shati na blanketi, mama."

"Umejaa?"

"Haujajaa. Mama yangu alinizoeza hivi: ukimaliza kufunga mzigo wa safari, ufungue tena utoe kitu kimoja."

"Kwa nini?"

"Sikuwahi kumwuliza. Nilidhani anauhurumia mgongo wangu."

Nakiete akacheka, na kicheko kikaishia mahali pasipo pake, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Ingia ndani," alisema. "Makande yapo."

Mbonea alipokuwa akila, alimtajia yule mama kazi anayoifuata Mlowe, naye mama akamweleza shida yake. Binti yake, Namkunda, alikuwa ameolewa Ndorwe, upande wa pili wa mlima, naye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi yao, mtoto hatolewi nje kuonyeshwa jua mpaka afungwe mbeleko iliyotoka kwa bibi mzaa mama. Siku ya kutolewa ilikuwa kesho yake. Mbeleko isipofika, mtoto angefungwa nguo ya upande wa baba peke yake, na watu wangesema kwa mama yake hakuna mtu. Maneno kama hayo hukua na mtoto.

"Mbeleko ninayo," alisema Nakiete, akaitoa chini ya mto wake. "Nimeipinda mwenyewe. Mguu ndio sina. Wafanyabiashara wamepita hapa wiki nzima kwenda huko. Kajiru amepita leo mchana na punda wake na masanduku, nikamwomba. Akaniambia, 'Mama, hata sindano haiingii.' Hakuwa mwongo. Nilimwona, alikuwa amebeba hadi viti."

Mbonea aliufungua mkoba wake. Aliiweka mbeleko juu ya blanketi, ikakaa kana kwamba nafasi ile ilipimwa kwa ajili yake.

"Itafika," alisema.

Nakiete hakuridhika bado. Alichomoa uzi mwekundu kwenye kikapu chake. "Wasafiri wote husema imefika. Mwaka jana nilimtumia tangawizi, ikaliwa njiani, na mimi nikaambiwa imefika. Mpe Namkunda uzi huu. Ana fundo lake, nililomfundisha mwenyewe akiwa mdogo, hakuna mwingine alijuaye. Nikiliona fundo hilo, nitajua. Utaniletea?"

"Nitakuletea, mama," alisema Mbonea. Alikuwa kijana, ameshiba, nje kunanyesha, na ahadi ya namna hiyo ni rahisi kutoa.

Alfajiri alianza kupanda. Karibu na kilele njia hupita katikati ya majabali mawili, na usiku ule udongo ulikuwa umeporomoka hapo, ukaacha upenyo wa kupita mtu kwa ubavu. Chini ya jabali alimkuta Kajiru, punda wake akitafuna majani, masanduku yamepangwa kwenye tope, na yeye mwenyewe ameketi juu ya kimojawapo cha viti vyake.

"Habari za safari, ndugu?" aliuliza Mbonea.

"Safari ipi? Mimi ni mkazi wa hapa sasa," alijibu Kajiru. "Kaa, viti vipo."

Mbonea alimsaidia kufunika masanduku kwa turubai, akaahidi kuwaambia vijana wa Ndorwe waje na majembe. Kisha aliuvua mkoba begani, akautanguliza kwa mkono mmoja, akapenya.

Alifika Ndorwe jua likiwa limetoka mawinguni. Wakwe walikuwa wamekusanyika uani, na mama mkwe wa Namkunda alikuwa amekwisha kushika nguo ya upande wao. Namkunda alikuwa amesimama ndani ya mlango, mtoto kifuani, akitazama njia. Alipoiona mbeleko alitambua mpindo wa mama yake kabla ya kuambiwa lolote. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka juani, na wanawake wakapiga vigelegele. Kila nyumba iliyozunguka ua ule ilimwita Mbonea aje ale.

Akala kidogo, akampa Namkunda ule uzi mwekundu na ujumbe wa mama yake. Namkunda akaufunga fundo lake, akamrudishia. Mumewe ndiye aliyemwuliza mgeni aendako.

"Mlowe," alisema Mbonea. "Wanajenga ukuta wa ndiva mpya, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mkuu wa kazi anachagua waashi kesho asubuhi. Kazi ya mwaka mzima."

"Basi anza kuteremka sasa hivi, ulale huko. Uzi tuachie, tutampa mtu anayekwenda Kwembago."

"Mtu yupi?"

Mume akatazama wenzake. "Soko lijalo hapakosi mtu."

"Wote watakuwa wamejaza mizigo," alisema Namkunda polepole. Kisha akaona haya. "Lakini nenda, kaka. Mama ataelewa. Ni uzi tu."

Mbonea aliuzungusha ule uzi kwenye kidole. Barabara ya Mlowe ilionekana pale alipokaa, inateremka nyekundu na safi, wala haikuwa na tope. Ile kazi alikuwa ameiota tangu mavuno. Alijua kabisa kwamba waashi ni wengi na ukuta ni mmoja.

"Nilimwambia nitamletea," alisema mwishowe. "Sikumwambia nitamtumia."

Alipita tena pale majabalini. Vijana wa Ndorwe walikuwa wametangulia na majembe, na Kajiru, tope hadi masikioni, alimwuliza kama amesahau kitu. "Ndiyo," alisema Mbonea, akapenya.

Alipofika Kwembago jioni mvua ilikuwa imeanza upya. Watoto wale wa jana walimwona wa kwanza, wakaanza wimbo wao, na watu, ambao Nakiete alikuwa amewaeleza habari ya mbeleko, wakatoka kutazama. Mzee Semboja akafungua mlango wake wote. "Wewe si ulikuwa unakwenda mbele?" aliuliza. "Pita basi, unalowa." Nyumba ya pili nao wakamwita. Mbonea akawashukuru, akapita.

Mlango wa Nakiete ulikuwa wazi. Yule mama alinyoosha mkono kabla hajasalimiwa, akaupokea uzi, akafumba macho, akalipapasa fundo kwa kidole gumba. Majirani walikuwa wamesimama nje, na Mzee Semboja akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubali, imekuwaje mtu wa mfuko mmoja aitwe na kila nyumba.

"Nyie mliutazama udogo wake," alisema Nakiete. "Mimi niliitazama nafasi yake. Mkoba wenye nafasi haukosi mlango."

Kisha akamgeukia Mbonea. "Na ile kazi yako ya Mlowe?"

"Watapata waashi wengine, mama," alisema, akautua mkoba wake kizingitini. Ulikuwa mwepesi kuliko ulivyoondoka.