Kiboko Aliyeshiba kwa Adabu

Hadithi, hadithi!

*Ije, tumekaa!*

Mmekula?

*Tumekula!*

Mmeshiba?

*Hatujashiba!*

Vizuri. Neno hilo lishikeni, lina kazi yake.

Hapo kale palikuwa na Jiji la Maboga. Nyumba za huko zilikuwa maboga makubwa yaliyotobolewa milango na madirisha. Hakimu wa jiji alikuwa Kiboko, na Kiboko alipenda maboga. Leo anakula nyumba ya Panya, kesho anakula nyumba ya Kima. Kwatu! Kwatu! Nyumba za matajiri hakuzigusa. Alikula za maskini tu, maana wao wangemshtaki wapi?

Kushtaki kuliruhusiwa, msiseme hakukuruhusiwa. Ila sheria ilisema baraza hufunguliwa pale hakimu anaposema, "Nimeshiba." Miaka mitatu Kiboko yuko kigodani anatafuna, na neno hilo halijamtoka.

Basi palikuwa na kikundi cha kujitolea kutetea maskini, jina lake Tuwasemee. Wanachama wake watatu tu: Nguchiro mwenyekiti, Kobe katibu, na Kanga, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuogopa.

Asubuhi moja Mama Digidigi akaja mbio, anahema.

"Mwenyekiti, nimeamka nimekuta alama ya X mlangoni kwangu! Kiboko anasema kivuli cha mlingoti kikiisha, anakuja kula nyumba. Wanangu nitawapeleka wapi?"

Nguchiro akatazama mlingoti wa jiji. Kivuli kilikuwa cha hatua kumi.

"Jikoni una nini, mama?"

"Kitunguu kimoja na iliki tatu."

"Mafuta?"

"Tone."

"Chungu kikubwa?"

"Kipo, ila kitupu."

"Kijaze maji na mawe, ukifunike vizuri."

"Tumekwisha!" akasema Kanga.

Wakakaanga kitunguu. Chwaaa! Wakatupia iliki. Harufu ikatoka, ikazunguka mtaa mzima. Wakaweka chungu cha mawe mlangoni, wakakizunguka na sahani zao tupu. Kivuli hatua tano.

"Tumekwisha!" akasema Kanga.

Tindi! Tindi! Tindi! Kiboko huyo anakuja, na begani amekaa Kasuku, karani wa baraza, ambaye kazi yake ni kutangaza kila asemalo hakimu. Kivuli hatua mbili.

"Shikamoo, Bwana Hakimu," akasema Nguchiro. "Umetukuta mezani. Karibu chakula!"

Kiboko akasimama. Pua fu-fu-fu. Udenda do-do-do.

"Mmepika nini?"

"Chakula cha wageni. Karibu sana."

Kobe akakohoa, akafungua daftari, akasoma polepole kama kawaida yake. "Sheria... ya jiji... inasema... aliyekula... chungu cha nyumba... haruhusiwi... kula nyumba yenyewe."

Alipomaliza, kivuli kilikuwa cha hatua moja.

Kiboko akatazama chungu. Akatazama nyumba. Chungu kidogo, nyumba kubwa. Lakini ile harufu! Akanyoosha mkono, akashika kifuniko.

Kanga akafumba macho, hata "tumekwisha" akaisahau. Mama Digidigi akawakumbatia wanawe. Nguchiro alijua kifuniko kikiinuka mawe yanaonekana, na anayemdhihaki hakimu huliwa pamoja na nyumba. Jamani, aliogopa! Nami nikisimulia hapa naogopa naye.

"Karibu, Bwana Hakimu," akasema. "Usione haya. Kaa tule."

Tumbo la Kiboko likanguruma, krrrr! Akaitazama nyumba mara ya mwisho, nono, ya rangi ya dhahabu. Akaachia kifuniko, akatabasamu kiungwana.

"Ahsanteni, jamani. Nimeshiba."

"AMESHIBA!" Kasuku akapiga kelele. "Hakimu ameshiba! Baraza limefunguliwaaa!"

Walioliwa nyumba wakatokea kila kichochoro, pukutu-pukutu, na kesi za miaka mitatu. Kesi ya kwanza ilimhusu Kiboko mwenyewe, na mshtakiwa hakai kigodani. Akakaa naibu wake, Bibi Korongo, ambaye miaka yote hiyo alisimama kwa mguu mmoja akisubiri.

"Nyumba ya mtu si chakula," akasema Bibi Korongo. "Kiboko utalima maboga mpaka kila uliyemlia nyumba apate nyingine."

Mama Digidigi akafuta ile X kwa upindo wa leso yake, huku analia.

Jioni Panya akapika ugali na maharage, ya kweli haya, kusherehekea. Nguchiro akapita hapo, hajala tangu jana.

"Mwenyekiti, karibu chakula!"

Nguchiro ni mtoto wa watu, amelelewa. Mdomo ukamtangulia.

"Ahsante, nimeshiba."

"AMESHIBA!" Kasuku akatangaza kutoka juu ya boga. Sahani ikaondolewa, na aliyeliokoa jiji akaenda kulala na njaa.

Kwa hiyo fundisho, watoto wangu, ni hili: adabu haina faida yoyote. Imemponza mwenye tamaa, imemponza na mwenye huruma. Mkikaribishwa, kaeni mle.

Hadithi yangu imefika, kibuyu nimekifunika. Mmeshiba?

*Hatujashiba!*

Hata mimi. Haya, nani ana muhogo hapo? Anikaribishe mara mbili, maana ya kwanza nitakataa.